Vigoda Vinne Vyenye Matumbo

Valdivia, mwezi wa Julai. Mvua ina siku ya kumi na moja
haijavuta pumzi.
Sebule yangu ni hatua sita kwa tano, orofa ya tatu,
na vitu vimenishinda:
mabonge ya sufu, soksi zilizofiwa na wenzi wao,
mafaili ya shangazi Otilia ambayo hakuna anayeyadai,
chupa tupu za jemu.
Nikasema: nitaunda meza ya kahawa,
na chini yake vigoda vinne,
kila kimoja na tumbo lake, kila kimoja na kifuniko,
vijibanze humo kama vifaranga chini ya kuku
mpaka waje wageni.

Mbao nilizipata kwa Nolberto,
abomoaye nyumba kuukuu ng'ambo ya daraja.
Mbao za sakafu, za mti wa rauli,
nyekundu kama chai iliyosahaulika jikoni.
Mtu fulani katika nyumba ile
alizoea kusimama mahali pamoja;
pale ubao umelika, umelainika kama kipande cha sabuni.
Nimepaweka pale katikati ya meza.
Kikombe kikikaa hapo hakiteleziki.

Sina karakana. Nina jiko.
Jiliwa langu ni ukingo wa sinki na goti la kushoto.
Nikivuta randa, maranda yanajikunja hadi kwenye sufuria;
nimekula supu yenye maranda, sikufa.
Nikivuta msumeno, jengo zima linakohoa,
na Bwana Eleuterio wa chini
anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.
Mara tatu. Daima mara tatu,
kama karani apigaye muhuri.

Kigoda cha kwanza kinachechemea.
Cha pili kifuniko chake kina kiburi, hufunguka kikipenda.
Cha tatu, sijui ilikuwaje, kimenyooka.
Cha nne nilikiunda nikitoka zamu ya usiku hospitalini,
macho yakiwa na mchanga,
na bawaba nikazipachika nyuma mbele.
Nikang'oa. Nikapachika tena.

Kisha ile Jumamosi nilivisukuma vyote chini ya meza
na vyote vikakataa.
Nilipima vigoda. Nilipima meza.
Sikupima unene wa vifuniko.
Sentimita mbili, basi,
na vigoda vinne vimesimama ukingoni
kama wageni walioambiwa nyumba imejaa.
Nilikaa sakafuni nikacheka,
halafu sikuwa nacheka tena.
Nikachukua msumeno nivikate miguu,
saa nne ya usiku, liwalo na liwe.

Mlango ukagongwa. Mara tatu.

Alikuwa na ndara, sweta yenye kiwiko kilichotoboka,
na neno kali tayari mdomoni.
Akaiona meza. Neno likarudi lilikotoka.
Alipiga magoti, na magoti yake yalilia,
akapapasa kiungo kimoja kwa kucha ya kidole gumba.
"Miaka thelathini na mmoja," akasema,
"nimefunga makabati ndani ya meli.
Usiguse vigoda. Inua meza."

Akashuka. Nikasikia chini, kwa mara ya kwanza,
msumeno usio wangu.

Akarudi na vipande vinne vya mti wa mviringo,
kila kimoja sentimita tatu,
vimechakaa upande mmoja kwa kushikwa.
Gundi, skrubu, msasa. Hatukuzungumza sana.
Usiku wa manane vigoda viliingia
bila kusukumwa.

Sufu iko katika kigoda cha pili, mafaili katika cha nne.
Cha tatu ni kitupu; nakifungua tu, nakifunga.
Kile kinachochechemea hataki nikirekebishe,
hukikalia yeye Jumapili, akiyumba yumba na kahawa yake,
na dhumna zake zimo humo ndani.

Ufagio wake sasa haufiki darini.
Nikivuta msumeno usiku
hana budi kupanda ngazi.